Bango la Sikukuu kwa Mbao Kuukuu

Kuanzia katikati ya Desemba, mabasi yanayopanda kona za Mombo kwenda Lushoto hujaa watu wanaorudi nyumbani. Wanatoka Dar es Salaam, Tanga, Arusha, na wengine hawajaiona milima tangu Desemba iliyopita. Huku Kwai kila kaya hujiandaa kuwapokea: kuta zinapakwa chokaa, ua unafyekwa, vitambaa vya makochi vinafuliwa na kuanikwa. Madukani kuna mapambo ya plastiki yanayong'aa wiki moja, kisha Januari unayakuta yamenasa kwenye mifereji ya mashamba ya kabichi. Ninachokuelekeza hapa ni pambo la aina nyingine: bango moja la mbao kuukuu, lenye salamu ya sikukuu uliyoiandika kwa mkono wako, litakaloning'inia barazani kila mwaka mpaka wajukuu walizoee.

Nimesema mbao kuukuu kwa makusudi. Milima hii imetoa mbao kwa zaidi ya karne moja. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, kampuni ya Wajerumani ya Wilkins na Wiese ilikuwa na kiwanda cha kupasulia mbao huko Shume, mahali walipopaita Neu-Hornow. Walikata mwangati na kuuteremsha bondeni kwa njia ya waya iliyopita angani hadi stesheni ya Mkumbara, kwenye reli inayotoka Tanga. Mwangati hukua polepole mno, na mti unaohitaji miaka mingi hivyo kunenepa haurudishwi kwa kampeni ya upandaji ya msimu mmoja. Leo msitu wa asili wa Magamba ni hifadhi, na mbao mpya za halali zinatoka zaidi kwenye mashamba ya kupandwa, yaani paini na saiprasi. Mwangati au mkulo wa zamani, ule uliokomaa hasa, hauko tena msituni kwa ajili yako wala yangu. Uko juu ya vichwa vyetu, kwenye mapaa ya majiko, kwenye milango ya mabanda, kwenye viunzi vya madirisha. Kwai yenyewe, ambako serikali ya kikoloni ya Kijerumani ilianzisha shamba la majaribio mwaka 1896, ni mahali ambapo watu wamejenga, wakavunja na kujenga tena kwa miaka mingi, na mbao zimekuwa zikihama kutoka jengo moja kwenda jingine. Bango lako ni kituo kingine tu katika safari hiyo.

Kuipata mbao

Anzia kwenye nyumba zinazoezekwa upya. Paa linapobadilishwa, kenchi na papi za zamani hushushwa na kurundikwa nyuma ya jiko zikingoja kuwa kuni. Tazama pia madirisha ya mbao yaliyong'olewa kupisha ya aluminiamu, madawati ya shule yaliyokufa miguu, mabenchi ya kanisa yaliyostaafishwa, mbao za zege zilizomaliza kazi, na makasha ya kubebea nyanya. Viwanda vidogo vya kupasua mbao navyo huuza mabanzi kwa bei ya kuni. Hayo si kuukuu, lakini ni masalia, na ukiyaacha na gome lake upande mmoja yanapendeza.

Usichukue bila kuomba, hata kama mbao imelala mvuani mwaka mzima. Ina mwenyewe, na mara nyingi ina kazi inayoisubiri: uzio, daraja la mfereji, moto wa kupikia makande. Nenda asubuhi, sema shida yako wazi: "Shikamoo babu. Nimekuja kuomba kibao kimoja katika zile za paa la zamani, nataka kukiandika salamu za Krismasi." Ukienda na mzigo wa kuni kavu wa kubadilishana, mazungumzo yatakuwa mafupi na mazuri. Ukishaitikiwa, uliza mbao hiyo ilikuwa nini na ilitoka wapi. Ukingo wa juu wa bango, usioonwa na mtu, ndio mahali pa kuandika majibu hayo kwa penseli: paa la jiko la babu, mwaka aliojenga, jina la fundi kama linakumbukwa.

Mwangati utautambua kwa kisu. Kwangua juu kidogo. Chini ya ule ukijivu wa jua na mvua kuna wekundu wa kahawia, na harufu inakujia hapo hapo, kali yenye utamu ndani yake. Ni harufu ya penseli iliyochongwa, na si ajabu, kwa sababu mwangati ni mti uliotafutwa kwa kutengenezea penseli. Mchwa hawaupendi na maji hauyaogopi, kwa hiyo kwa bango la nje sijui mbao bora kuliko hiyo. Kasoro yake ni kwamba hupasuka kwa urahisi ukiupiga msumari, basi toboa kwanza. Mkulo nao ni mgumu na hudumu. Mse ni wa manjano hafifu, laini, unapokea rangi vizuri kuliko yote, ila ukiuacha kwenye unyevu unaoza. Uweke kwa bango la sebuleni. Paini na saiprasi zinafaa ukizipaka vizuri. Mkaratusi uuache kwa nguzo, maana ukikauka hujipinda na kuchanika.

Kipimo ninachokushauri ni mbao ya moja kwa nane, urefu wa futi nne. Hiyo ni upana wa sentimita 20 na urefu wa takribani sentimita 120. Inatosha mstari mmoja wa maneno, mtoto wa miaka kumi anaweza kuibeba, na inakaa vizuri juu ya mlango au kati ya nguzo mbili za baraza.

Ziko mbao za kukataa hata ukipewa bure. Nguzo za umeme na za uzio zilizotiwa dawa, zenye rangi ya kijani kibichi au zilizolowa lami, zina sumu ndani yake. Ukizipiga msasa unaivuta, na ukichoma vipande vyake jikoni unawalisha watoto moshi wa sumu. Mbao yenye tabaka nene la rangi ya mafuta ya miaka mingi nayo iangalie kwa hadhari, kwa sababu rangi nyingi za zamani zilikuwa na madini ya risasi, na vumbi lake linadhuru ubongo wa mtoto. Kama huna budi kuitumia, ikwangue ikiwa imeloweshwa, nje, umefunga pua na mdomo, kisha ukusanye magamba yote ya rangi uyafukie mbali na bustani na kisima. Na kama kuna mlango wa zamani uliochongwa nakshi, usiupige msumeno kabisa. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda milango na fremu zilizochongwa kabla ya mwaka 1940, na hata pasingekuwa na sheria, nakshi ile inapaswa kubaki nzima.

Kibao kimoja begani hakina shida. Lakini ukitaka kupakia rundo la mbao kwenye gari kuteremka nazo Mombo, pitia kwanza ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu uulize karatasi za kusafirishia. Afisa kwenye kizuizi hawezi kujua kwa kuangalia tu kwamba mwangati wako ulikuwa paa la jiko.

Kuiandaa bila kuifanya mpya

Misumari kwanza. Ile iliyopigwa miaka mingi iliyopita imeshikana na mti kwa kutu, na ukiivuta kwa pupa kichwa kinakatika, mwili unabaki ndani kungoja kuharibu msumeno. Igonge kwanza kutoka upande wa ncha, taratibu, mpaka kichwa kinyanyuke upana wa ukucha. Weka kipande cha mbao chini ya nyundo ili usiitie mbao yako jeraha, ndipo uvute. Ukikatika, tumia koleo, na ukishindikana, uzamishe ndani kwa ncha ya msumari mwingine. Kila msumari unaotoka utie kwenye kopo pale pale, kwa sababu ukianguka kwenye majani utapatikana kwa mguu wa mtoto. Matundu yenyewe usiyazibe kwa puti. Yale madoa meusi ya kutu yanayoyazunguka ndiyo uzuri wa mbao uliyoitafuta.

Mbao za paa la jiko huja na masizi. Yalizilinda dhidi ya wadudu miaka yote, lakini rangi haishiki juu yake, na wiki chache baadaye masizi hujitokeza juu ya herufi nyeupe kama manjano machafu. Sugua kwa brashi ngumu na maji ya vuguvugu yenye sabuni, kwa kufuata nyuzi za mbao, suuza, rudia mpaka maji yatoke safi. Kisha ikaushe kivulini, imelala juu ya vijiti viwili ili hewa ipite juu na chini. Jua kali litaipinda. Ipe wiki moja, na kama kuna ukungu kila asubuhi, wiki mbili.

Wakati inakauka, weka karatasi nyeupe chini yake. Ukikuta unga mbichi wa mbao juu ya karatasi, bungua bado wamo ndani wanakula. Mbao hiyo usiiingize nyumbani. Itie dawa ya wadudu wa mbao au tafuta nyingine. Matundu makavu yasiyotoa unga ni makovu tu.

Baada ya hapo ni msasa, na hapa ndipo wengi wanapoiharibu kazi. Ukimpelekea fundi seremala mbao kuukuu, atakuonea huruma airande mpaka ing'ae, na utarudishiwa mbao mpya. Mwombe asiitie randa. Piga msasa wa wastani kwa mkono, ukifuata nyuzi, mpaka vibanzi visichome kiganja, basi. Pale ambapo herufi zitakaa panahitaji ulaini zaidi. Kingo na ncha ziache na historia yake. Zungusha tu pembe kidogo ili zisimkwaruze mtu.

Maneno gani, na pande mbili

Lushoto ni wilaya ya misikiti na makanisa. Wamisionari wa Kilutheri walifika Mlalo mwaka 1891, na leo makao makuu ya Dayosisi ya Kaskazini Mashariki ya KKKT yako mjini Lushoto. Uislamu nao una mizizi mirefu milimani hapa, na ziko koo nyingi ambazo shangazi anakwenda kanisani na baba mdogo anakwenda msikitini, na sikukuu ya mmoja inaliwa na wote. Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa katika mwongozo huu wote ni huu: andika pande zote mbili. Upande mmoja KRISMASI NJEMA, upande wa pili IDI NJEMA. Mbao ni ile ile, kulabu ni zile zile, na unachofanya sikukuu ikibadilika ni kuligeuza bango. Kama nyumba yako ina sikukuu za dini moja tu, upande wa pili uandike KARIBUNI NYUMBANI, litumike kwenye harusi na siku wageni wanapokuja.

Usiandike mwaka. Usiandike tarehe. Idi hurudi nyuma kwa siku 10 au 11 kila mwaka katika kalenda yetu ya kawaida, na bango lenye mwaka linazeeka usiku wa tarehe 31 Desemba. Maneno yawe machache. HERI YA KRISMASI NA MWAKA MPYA ni salamu nzuri kwenye kadi, lakini kwenye mbao ya futi nne inakulazimisha kuandika herufi ndogo ambazo mtu aliye njiani hazioni. Ukipenda salamu ya Kisambaa, iandike kwanza kwenye karatasi umpelekee mzee anayekisoma na kukiandika, kwa sababu kosa la herufi moja likishakauka kwa rangi ya mafuta litakusindikiza miaka. Vivyo hivyo ukitaka kuandika Idi kwa herufi za Kiarabu: mwombe mwalimu wa madrasa akuandikie kielelezo, unakili kwa uaminifu, na usitumie aya wala jina la Mwenyezi Mungu kwenye kitu kitakachowekwa stoo na kugeuzwageuzwa.

Kupima herufi

Kosa linaloonekana kwenye mabango mengi ya kuandikwa kwa mkono ni lile la kuanza kwa herufi nene zenye raha, na kumalizia kwa herufi zilizobanana kwa sababu mbao imekwisha. Dawa yake ni hesabu ya dakika tano.

Chukua KRISMASI NJEMA kwa herufi kubwa. Ipe kila herufi nafasi 1, isipokuwa I, inayochukua nusu, na M, inayochukua moja na nusu. Pengo kati ya maneno mawili nalo ni nafasi 1. KRISMASI inakuwa nafasi 7 na nusu, NJEMA nafasi 5 na nusu, na ukijumlisha pengo unapata 14. Mbao ina sentimita 120. Acha sentimita 7.5 kila mwisho, zinabaki 105. Gawa 105 kwa 14, kila nafasi ni sentimita 7.5. Ndani ya hizo, herufi ya kawaida ichukue sentimita 6, na zinazobaki ni hewa kati yake na jirani yake.

IDI NJEMA kwa hesabu hiyo hiyo ni nafasi 8 na nusu tu, yaani karibu sentimita 64. Usizinenepeshe herufi ili kujaza mbao. Ziache ukubwa ule ule wa upande wa pili, ziweke katikati, na zile sentimita 20 zinazobaki kila upande chora mwezi na nyota, au ua kama lile la pindo la kanga. Upande wa Krismasi hauna nafasi ya michoro, na hauihitaji. Siku ya kutundika utaufunga vijitawi vya saiprasi juu ya kulabu, vya kupogoa kwenye uzio tu. Hakuna haja ya kukata mti.

Kimo cha herufi kiwe sentimita 10. Waandishi wa mabango wana kanuni ya zamani kwamba inchi moja ya kimo inasomeka vizuri kwa umbali wa futi 10, kwa hiyo inchi nne zitamfikia mtu aliye futi 40 mbali, karibu mita 12. Kwa nyumba nyingi za Kwai hiyo ni kutoka barazani hadi njia ya miguu. Chora mistari miwili ya mwongozo kwa chaki na rula ndefu, ukiacha sentimita 4.5 juu na 5.5 chini. Maneno yaliyowekwa katikati kabisa kwa kipimo huonekana yanaporomoka; yainue hiyo nusu sentimita.

Sasa chora herufi kwa ukubwa wake kwenye gazeti au karatasi za kalenda ya zamani zilizounganishwa kwa gundi. Tumia herufi nyofu zisizo na mikia, unene wa mstari sentimita 1.5. Ukimaliza, bandika karatasi ukutani, rudi hatua kumi nyuma, utazame. Hapo hesabu inakwisha na jicho linaanza. S iliyokomea sawasawa kwenye mistari huonekana fupi kuliko jirani zake. Iruhusu ipite milimita moja au mbili juu na chini. A ina mabega yanayoteremka na huacha uwazi kila upande, basi isogeze karibu na M iliyo kabla yake. J ina shimo upande wa kushoto, hasa inapofuata N, nayo ivute kidogo. I mbili za KRISMASI zinahitaji hewa zaidi ya unavyodhani, la sivyo zinamezwa na R na S. Rekebisha kwenye karatasi, ambako kurekebisha hakugharimu kitu, mpaka neno zima lionekane limetulia.

Kuhamishia kwenye mbao ni rahisi. Sugua mgongo wa karatasi kwa chaki nyeupe kama mbao ni nyeusi, au kwa mkaa kama ni nyeupe, ilaze mahali pake, ibane kwa gundi ya karatasi, kisha fuatisha kila mstari kwa penseli ngumu. Ukiinua karatasi utakuta alama hafifu. Zinatosha. Lakini kabla ya kuhamisha, hakikisha umepaka mbao ile vanishi, na sababu yake inafuata hapa chini.

Rangi na mkono

Mbao kuukuu ina kiu. Ukiipaka rangi moja kwa moja, rangi hupenya na kutambaa kufuata nyuzi, na ukingo wa herufi unaota ndevu. Kwa hiyo kwanza paka tabaka moja jembamba la vanishi ya nje iliyoongezwa tapentaini kidogo, liingie, likauke, upitishe msasa laini kwa wepesi. Mbao za paini zina vifundo vinavyotoa utomvu. Vipake shelaki kabla ya vanishi, la sivyo vitatoboa herufi kwa madoa ya kahawia. Tabaka hilo la vanishi lina faida ya pili: ukikosea, kitambaa chenye tapentaini kinafuta herufi bila kuacha kovu, ilimradi umewahi.

Rangi iwe ya mafuta, ile ya kung'aa inayouzwa kwa milango na mageti. Ya maji ni rahisi na haina harufu, ila barazani kwenye mvua ya vuli haidumu. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia rangi ya mafuta ya aina inayopakwa baiskeli, juu ya vipande vya hadibodi, na wafuasi wake wameendelea na rangi hizo hadi leo, kwa sababu zinang'aa na kushika sawasawa. Kopo dogo la robo lita linatosha mabango kadhaa. Shirikiana na jirani.

Kuhusu rangi yenyewe, wengi watakimbilia nyekundu na kijani kwa sababu ni Krismasi. Nyekundu hupauka haraka kwenye jua la milimani, na kijani cheusi juu ya mwangati mwekundu hakisomeki ukiwa mbali. Nyeupe ya maziwa juu ya mbao tupu ya kahawia inashinda zote kwa kusomeka, mchana na jioni. Tumia nyekundu kwenye vitu vidogo: kivuli chembamba upande mmoja wa herufi, au pindo la ua.

Brashi ya kuandikia herufi haipatikani kila duka la vifaa vya ujenzi. Nunua ya nusu inchi yenye nywele laini, uikate ncha kwa wembe iwe nyoofu kama patasi. Mimina rangi kidogo juu ya kifuniko cha kopo. Chovya theluthi moja tu ya nywele, kisha ipapase juu ya kifuniko pande zote mbili mpaka ncha iwe kali na rangi isiwe inadondoka. Egemeza kiganja juu ya fimbo nyembamba uliyoilaza ikivuka mbao, ncha yake moja ikiwa imefungwa kitambaa, ili mkono usiguse rangi mbichi wala kutetemeka. Vuta brashi, usiisukume. Mistari ya kusimama ivutwe kutoka juu kuja chini, kwa pumzi moja, kwa mkono mzima na si kwa vidole. Anza ndani kidogo ya mstari wa mwongozo, iache rangi yenyewe isogee hadi ukingoni. S igawe vipande vitatu: mgongo wa katikati kwanza, halafu kichwa, halafu mkia. Mistari yote ya kusimama ikikamilika katika neno, ndipo urudi kwenye ya kulala.

Usibonyeze sana kutafuta unyoofu wa kiwanda. Mkono wako ukionekana kidogo kwenye mkunjo wa J, ni jambo jema. Mtu anayelisoma bango anajua kuna aliyeketi akalifanya kwa ajili yake. Wapo wanaopendelea kuchoma herufi kwa chuma cha moto au kuzichimba kwa patasi. Kuchoma kunafaa kwa mse na saiprasi. Kuchimba mwangati kunahitaji fundi, kwa jinsi unavyochanika.

Jambo la hali ya hewa ndilo linaloangusha watu wengi huku juu. Vuli hunyesha Oktoba hadi Desemba, na Kwai ina ukungu na baridi ambayo rangi ya mafuta haiipendi. Ukipaka jioni, umande wa usiku huifubaza na asubuhi unakuta ngozi isiyo na mng'ao. Paka kuanzia saa nne asubuhi ukungu ukishaondoka, maliza kabla ya saa nane mchana, ulaze mbao ndani ya chumba kikavu, mbali na moshi wa kuni. Kopo likisema saa 24, wewe hesabu siku mbili au tatu. Upande wa kwanza ukauke kabisa kabla hujageuza, kisha tabaka mbili za vanishi juu ya kila upande, na usisahau kingo na vichwa vya mbao, kwani maji huingia kwa wingi zaidi pale nyuzi zilipokatwa. Ukijumlisha kusafisha, kukausha, kuandika na vanishi, ni mwezi na ushei. Anayetaka bango la Krismasi aombe mbao Septemba au Oktoba mwanzoni, kabla mvua haijakaza.

Kulitundika

Toboa kwanza kwa keekee, kisha ingiza kulabu mbili za skrubu kwenye ukingo wa juu, kila moja sentimita 20 kutoka mwisho wa mbao. Kwa kuwa ziko ukingoni na kwa umbali ulio sawa, bango linageuka bila kubadilisha kitu. Minyororo miembamba ni bora kuliko kamba ya katani, ambayo hulegea ikilowa. Liache mbali na ukuta upana wa vidole viwili, hewa ipite nyuma yake, na liwe chini ya kipaa cha baraza ambako mvua ya upepo hailifikii kila siku. Wazee wengi wanapendelea liwe juu ya mlango. Mimi ningeliweka upande anaokuja nao mgeni, hata kama ni kwenye nguzo ya pembeni, mradi alisome akiwa bado njiani.

Sikukuu ikipita, lipanguse kwa kitambaa kikavu, ulifunge kwa gunia la katani na si kwa nailoni, ambayo hufungia unyevu ndani, ulilaze tambarare darini. Ukilisimamisha kwenye kona kwa miezi litapinda. Vanishi irudie kila baada ya miaka miwili au mitatu, mara utakapoona maji hayatelezi tena juu yake bali yanaacha doa jeusi. Herufi zenyewe hutazigusa kwa miaka mingi. Kazi itakayobaki kila mwaka ni kukaza kulabu na kuchagua upande.